Mfadhili yuko tayari kumnunulia viatu vya baleti, lakini anataka video ya nyumbani kwetu

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na soko la Toi hapa Nairobi. Naishi Kibera na mume wangu, watoto wetu wawili na binti wa marehemu dada yangu, ambaye nimemlea tangu akiwa darasa la kwanza. Sasa ana miaka 12, na anacheza baleti, ile dansi ya Kizungu ya jukwaani. Najua baadhi ya wasomaji watashangaa, lakini huku kwetu si jambo geni tena. Kuna madarasa ya bure ambayo watoto hufundishwa baada ya masomo, madawati yakisukumwa pembeni, wakishikilia ukuta pale ambapo wenzao wa studio za kulipia hushikilia chuma.

Mimi niliingia humo kwa sababu ya sindano. Mwalimu wao alisikia nashona, akaniletea mfuko wa viatu laini vilivyokatika lastiki. Tangu hapo kila mzigo ukifika kutoka ng'ambo unapitia kwangu. Nafua, natia viraka, nashona lastiki upya, napanga kwa saizi. Viatu vya turubai naviosha kwa mkono na kuvianika kivulini, vya ngozi nafuta tu. Mtoto akikua, vyake vinarudi kapuni avae mwingine. Nguo za kubana za mazoezi nimeanza kushona mwenyewe, kwa sababu nyingi zinazotumwa ni za watoto wadogo sana, na wasichana wetu wa miaka 12 na 13 wanaona aibu kuvaa kitu kinachowakata mapajani. Silipwi na sijadai kulipwa. Kazi hii naipenda.

Shida imeanza mwaka huu. Wasichana wakubwa wameanza kuzungumzia viatu vya pointi, vile vigumu vya satini wanavyosimamia ncha za vidole. Mwenzao mmoja alipata ufadhili katika studio ya kulipia upande mwingine wa jiji na tayari anavyo. Tangu siku hiyo mtoto wangu hana raha. Usiku anafanya mazoezi jikoni akishikilia ukingo wa kabati mpaka nimfukuze akalale. Mwalimu anasema miguu yake "inakaribia", lakini hasemi lini.

Katika mzigo wa mwisho kulikuwa na jozi moja ya viatu hivyo. Vinang'aa, utepe wake ni kama mpya, na saizi ni yake. Mwalimu alisema havitavaliwa na mtoto yeyote kwa kuwa vimeshavaliwa na mtu mwingine, akaniambia nitoe utepe nitumie kwingine. Bado viko kwenye droo ya cherehani. Sielewi. Mtaani kwetu nguo ni mitumba, viatu vya shule ni mitumba, hata shuka. Kwa nini hivi visivaliwe?

Kisha likaja jingine. Mama mmoja anayeishi Ulaya, ambaye ndiye hutuma mizigo mingi, alimwambia mwalimu kwamba atamnunulia mtoto wangu viatu vipya vya pointi kila vinapokwisha, mpaka amalize shule. Anachoomba ni video. Anataka watu waje kwetu wamrekodi mtoto akiamka, akichota maji, waonyeshe kitanda anacholala na binti yangu, kisha aeleze mama yake alivyofariki. Anasema marafiki zake wakiona watachangia zaidi na darasa zima litafaidika. Mwalimu hakunilazimisha, ila alinikumbusha kwamba mizigo ya mwaka ujao inamtegemea mama huyo.

Mtoto amekubali. Aliniambia, "Mama mdogo, nitasema chochote watakacho." Neno hilo ndilo linaloninyima usingizi. Dada yangu alikufa kwa ugonjwa ambao hatujawahi kuutaja hata kwa majirani. Mume wangu, mwendesha boda boda na mtu mwema kwangu, anasema niache kiburi: video ni ya dakika chache na viatu ni vya miaka. Siku nyingine anasema niuze vile vya kwenye droo tuongezee karo, maana baleti haileti unga nyumbani. Nimewaza kuomba chama chetu cha akina mama, lakini jozi moja inapita shilingi 10,000 na wenzangu wana mizigo yao.

Naona nimebaki na njia mbili, nimvalishe vya droo au nikubali kamera. Nikikataa zote nitakuwa nimemfungia mtoto mlango. Joel Kioko alikulia Kuwinda, mtaa wa mabanda kama wetu, akafika shule ya baleti London. Nani ajuaye huyu wangu angefika wapi? Nisaidie kufikiri.

Fundi, Nairobi


Fundi mpendwa,

Kwanza pokea shukrani zangu kwa ajili ya watoto wale ambao lastiki zao umezishona. Viatu laini vingi hutoka dukani lastiki ikiwa haijamaliziwa kushonwa, na kiatu kisichoshikwa vizuri humvuka mtoto anaporuka. Mzigo wa ng'ambo unakuwa msaada baada ya kupita mikononi mwako. Nitalirudia hili, kwa sababu naona umejiacha nje ya hesabu yako mwenyewe.

Nikikuelewa vizuri, mtoto anatamani kusimama kwenye ncha za vidole kama mwenzake. Kuna jozi iliyokwisha kuvaliwa inayomtosha kwa namba, na mwalimu ameikataa. Kuna mtu wa kununua mpya, kwa sharti kwamba nyumba yenu na kifo cha dada yako viingie kwenye video. Mtoto amesema ndiyo, mume amesema ndiyo, mwalimu amesema nusu, na moyo wako unasema hapana lakini unaogopa hapana hiyo itamgharimu mtoto maisha yake ya mbele.

Nianze na droo. Swali lako kuhusu mitumba ni la haki, na ulistahili kupewa sababu. Wewe ni fundi, basi ukikipasua kiatu kimoja cha pointi utaona mwenyewe. Ule ugumu wa mbele unaozunguka vidole ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizoshikwa kwa gundi zikakauka, na ndani ya soli kuna kipande kigumu kinachobeba unyayo. Joto na jasho hulainisha vyote viwili, navyo hufuata mguu wa aliyevivaa kwanza: upana wake, urefu wa vidole vyake, upande anaoelemea. Hata mchezaji wa kampuni kubwa ya baleti, mwenye miguu iliyokomaa, anaweza kumaliza jozi nzima katika onyesho moja. Satini hubaki inang'aa huku ndani kiatu kimekwisha. Mtoto akisimama juu ya kiatu cha namna hiyo, uzito wake wote unashukia vidoleni na kifundo cha mguu hakina wa kukizuia kisipinde. Mifupa ya mguu wa miaka 12 bado inakua, na jeraha la hapo linaweza kumfuata ukubwani.

Namba iliyoandikwa chini nayo haitoshi. Viatu hivi hupimwa upana, kimo cha mbele na ugumu wa soli, na anayepima humtazama mtoto akiwa amesimama ndani yake. Desturi yetu ya kununua kiatu cha kukulia, ambayo imewaokoa wazazi wengi mwezi wa Januari, haifai katika baleti hata kwa viatu laini, maana kiatu kinachopwaya humwangusha mtoto. Kwa hiyo jozi ile inanitia hofu, na nisingependa uwe ndiye uliyeifunga utepe mguuni mwake. Kuhusu kuiuza, fikiria kwamba atakayeinunua atamvalisha mtoto wake, na kwamba ilitumwa kwa darasa. Labda faida yake kubwa ni kuikata katikati mbele ya wasichana wote wakubwa waone kilichomo. Nadhani wangeelewa haraka kuliko kwa maneno yetu.

Sasa ule mlango unaosema utaufunga. Naomba tuutazame pamoja, maana nahisi ndio unaokutisha kuliko vyote. Umemtaja Joel Kioko, na una haki ya kumtaja kwa fahari. Ila wanaume katika baleti kwa kawaida hawavai viatu vya pointi. Safari yake ilijengwa juu ya viatu laini, aina ile ile unayoishonea lastiki. Misty Copeland, mchezaji baleti wa Marekani, alianza kujifunza akiwa na miaka 13, umri ambao mtoto wako hajaufikia, katika klabu ya watoto isiyo ya kulipia, na mwaka 2015 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kupandishwa daraja la juu kabisa la wachezaji katika American Ballet Theatre, kampuni kubwa ya baleti ya huko. Sikupi mifano hii kukuahidi kitu. Wengi wa watoto wanaocheza, matajiri kwa maskini, hawafiki huko. Nakupa ili uone kwamba kungoja mwaka mmoja, au hata zaidi, hakujamaliza habari ya mtoto wa miaka 12.

Hata hivyo kungoja bila kujua unangoja nini ni kazi ngumu, na mtoto anaweza kukata tamaa akaacha. Hapo ningemwendea mwalimu. "Inakaribia" haimtoshi mtoto anayefanya mazoezi jikoni usiku. Mwombe aseme kinachopungua: ni nguvu ya vifundo, ni tumbo na mgongo, ni kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba? Anaweza kumpa mazoezi ya kufanya nyumbani badala ya yale anayojibunia? Muulize pia mambo ambayo huenda naye yanamsumbua kimyakimya. Watoto hukutana mara ngapi kwa wiki? Anayejifunza mara moja tu kwa wiki mara nyingi haruhusiwi kuvaa pointi, hata awe na miguu mizuri namna gani. Sakafu ni ya nini? Kama ni saruji tupu, viatu vipya vya bei yoyote havitamlinda na mshtuko wa kila hatua. Na nani hapa Nairobi atampima? Majibu yakionyesha kwamba bado, basi ile haraka ya kujibu kuhusu kamera haipo tena. Utakuwa na nafasi ya kupumua.

Nije kwenye kamera. Kwa kukusoma, siamini kwamba ni kiburi. Unachokilinda ni siri ya marehemu na ya mtoto ambaye ataishi na video hiyo akiwa na miaka 16 na 25, mtaani na shuleni, mbele ya watu ambao hawakuchangia hata utepe. Kitu kikishawekwa mtandaoni hakirudi. Sheria yetu nayo inaliangalia jambo hili: Katiba inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka habari za mtoto zitumike kwa ridhaa ya mzazi au mlezi, tena kwa namna inayolinda maslahi yake. Ridhaa hiyo wanaiomba kwako. Kwa hiyo una la kusema zaidi hapa kuliko unavyojihisi.

Lakini nakuuliza kwa upole: ombi hili umelisikia kwa nani? Barua yako inaonyesha lilikuja kupitia kwa mwalimu. Hujazungumza na mama huyu mwenyewe. Inawezekana hatakubali chochote pungufu. Inawezekana pia kwamba hajawahi kuambiwa kuwa kifo hicho ni siri ya familia, kwamba amezoea kuona video za namna hiyo akadhani ndivyo inavyofanyika, na kwamba anampenda mtoto huyu kwa dhati. Ukimwandikia au kumpigia, unaweza kusema unachokubali: mtoto akicheza darasani, kundi zima, mikono yako ikishona, mwalimu akieleza kazi yake. Na usichokubali: chumba cha kulala, mama yake, jina lake kamili, shule yake. Uombe kuona video kabla haijatoka. Hatari yake naijua, anaweza kuudhika akaondoka, na watoto wengine wakakosa mzigo. Ndiyo maana nisingependa uende peke yako. Mwalimu anastahili kusimama nawe, kwa sababu leo ni mtoto wako na kesho ni wa jirani, na darasa likiwa na masharti yake ya kupiga picha yanayomhusu kila mtoto, mzazi mmoja haonekani mkorofi.

Kuna jambo jingine, na hili ni gumu zaidi. "Nitasema chochote watakacho" ni sauti ya mtoto anayetaka viatu. Hiyo bado si ridhaa. Lakini tusikimbilie kudhani kwamba hana lake la kusema kuhusu mama yake. Watoto waliofiwa wakati mwingine hutamani sana mtu awaulize, na katika nyumba ambayo ugonjwa haukutajwa, huenda hajui aanzie wapi. Mkae siku ambayo viatu havizungumzwi kabisa. Mwulize anamkumbuka vipi, angependa nani ajue, nani asijue. Huenda akakuambia hataki mtu yeyote. Huenda akataka kusema kidogo, kwako tu. Jibu hilo litakuongoza vizuri kuliko langu, na hata kamera isipokuja kamwe, mazungumzo hayo mnayahitaji ninyi wawili.

Mume wako nimempenda katika barua yako. Anapiga hesabu ya nyumba, na hesabu hiyo ni ya kweli: viatu vya pointi huvaliwa vikaisha, kisha vinadaiwa vingine, na karo haingoji. Kabla ya kubishana naye kuhusu video, mwonyeshe hesabu nzima, pamoja na saa unazotumia kushona bure. Sisemi uanze kulipisha watoto. Nauliza tu kama kuna nafasi ya wewe kushonea studio zile za kulipia, ambako wazazi hununua nguo kutoka nje kwa bei kubwa. Unajua kushona kitambaa cha kuvutika kisikatike uzi, unajua kupima mzingo kutoka begani kupita katikati ya miguu hadi begani tena. Si mafundi wengi wanaolijua hilo. Faida ikipatikana, sehemu inaweza kwenda kwenye kibubu cha viatu vya mtoto na sehemu kwenye karo. Hatari ni kwamba mteja akichelewesha malipo utabaki na vitambaa, kwa hiyo anza na nguo chache, malipo ya nusu kwanza kwa M-Pesa. Na kwa chama, pengine ni rahisi kuomba mkopo wa kitambaa kuliko mchango wa viatu. Wenzako wataona unavyourudisha.

Kitu kimoja zaidi kuhusu mizigo. Wewe ndiye unayejua kapu lina nini na halina nini, ila anayetuma hajui. Andika orodha: saizi zinazokosekana, viatu laini vya turubai badala ya vya pointi vilivyotumika, nguo za wasichana wakubwa, taiti za rangi ya ngozi zao. Hili la rangi si anasa. Dance Theatre of Harlem, kampuni ya baleti iliyoanzishwa New York mwaka 1969, iliamua tangu miaka ya 1970 kwamba wachezaji wake watavaa taiti na viatu vya rangi ya ngozi yao, na kwa miaka mingi wachezaji Weusi wamekuwa wakipaka viatu vya waridi vipodozi vyao wenyewe. Mwaka 2018 kiwanda cha Freed cha London kilianza kutengeneza viatu vya pointi vya rangi ya kahawia pamoja na Ballet Black, kampuni ya baleti ya huko. Watoto wako wanaweza kuombewa hivyo bila aibu. Mfadhili akipata orodha kutoka kwa mtu anayeshika nguo hizo kila wiki, mazungumzo yenu yanaanza mahali pengine kabisa, na hata ombi la video linaweza kusikika tofauti kwake.

Sitakuambia ukubali au ukatae. Unamjua mtoto, ulimjua dada yako, na mimi nawajua kwa barua tu. Lakini njia zako si mbili kama ulivyoandika, na hakuna hata moja inayokutaka ujibu wiki hii. Ningeanza na mwalimu, kisha mtoto, kisha huyo mama wa Ulaya, kwa mpangilio huo. Ukishajua mwalimu amesema nini kuhusu miguu yake na kuhusu sakafu, niandikie tena.

Wako,
Mshauri